Mpima Kina wa Boti ya Kwanza

Mti wa Kichwa-Tele ulikuwa mrefu kuliko chumba chake. Aliulaza ukutani juu ya misumari mitatu, ncha ikatokea dirishani, na kwa sababu hiyo wavu wa mbu wa dirisha lile ulikuwa na tundu lililozibwa kwa tambara. Binti yake, ambaye ni nesi na ndiye mwenye nyumba, alikwisha kulalamika mpaka akachoka.

"Baba, tuukate kidogo tu. Mbu wanatumaliza."

"Kata mguu wangu kwanza. Huo angalau siutumii sana."

Ulikuwa mti wa kupimia kina cha mto. Umenyooka, mwepesi, umelainishwa na viganja kwa miaka thelathini, na umezungushiwa mikanda mitano ya rangi nyekundu: goti, kiuno, kifua, bega, kichwa. Ukiusimamisha wima, ni kama umesimama na mtu mwembamba asiye na mikono. Siku hizi kila boti ina kisanduku kinacholia kama kifaranga na kuandika namba kwenye kioo, na rubani anakitupia jicho huku anaongea na simu. Wakikwama wanalaumu betri. Zamani kina cha mto kilikuwa na sauti ya mtu.

Kazi ilikuwa hivi. Mpima kina husimama omo, yaani kwenye pua ya boti, hutumbukiza mti, huhisi mchanga unavyougusa, huunyanyua, huita. "Kifuaaa!" maana yake maji ni ya kifua. "Begaaa!" raha mustarehe. "Kiunooo!" hapo roho ya kila mtu inapanda kooni, maana tumbo la boti zile lilizama majini karibu kiasi hicho hicho. Na mti ukimeza mikanda yote, mpimaji huachia koo lote mpaka ndege wa kwenye matete wanaruka: "Kichwa teleee!" Kule nyuma, juu kwenye chumba cha usukani, rubani hugonga pete yake kwenye chuma mara mbili, ko-ko. Nimesikia. Usiposikia ko-ko, unaita tena. Basi. Kwa koo la mmoja na pete ya mwingine, boti zilipanda na kushuka mto ule miaka nenda miaka rudi, na wanawake waliokuwa wakifua ukingoni waliitikia "teleee!" kwa kumtania, jina likamganda. Wapangaji wapya mtaani wanadhani ameitwa hivyo kwa ukubwa wa kichwa. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza. Watu hawaulizi siku hizi, wanadhani.

Aliyemfundisha kazi alikuwa rubani wa boti yake, mzee mmoja mwenye masharubu kama yaliyokatwa kwa kamba, maana yalinyooka kuliko mstari wa fundi. Kila mtu botini alimwita Mjomba. Alikuwa hajui kusoma ramani, lakini alijua kila fungu la mchanga na tabia yake, lipi linahama, lipi ni kaidi. Alimwambia Kichwa-Tele siku ya kwanza: "Wewe ukiita, usiniitie mimi. Uitie boti. Mimi nitasikia huko huko njiani."

Sasa, kuna jambo walilojua watu saba wa boti ile na hakuna mwingine. Macho ya Mjomba yalikuwa yameingia ukungu. Mwaka wa kwanza aliacha kuona ukingo wa pili. Mwaka wa tatu hakuwaona tena watu walio omo. Aliona weupe tu, kama anayetazama kwa nyuma ya pazia. Mpishi akajizoeza kuweka kikombe chake mahali pale pale. Fundi mitambo akawa anamsomea barua za ofisini na kujifanya anasoma kwa sauti kwa kupenda kwake. Na Kichwa-Tele akawa anaita vizuri zaidi, anapeleka sauti upande wa kulia maji yakiwa mengi kulia, anaikata kifupi mchanga ukikaribia. Hakuna aliyesema neno, hata walipokuwa wao kwa wao. Na boti haikukwama hata siku moja. Leo ukikuta ofisi nzima imenyamaza hivyo, ujue kuna wizi. Wao walinyamaza kwa heshima.

Halafu ikaja vita. Ngome ya zamani iliyokuwa kwenye kona ya mto, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa makazi ya popo na mbuzi, iliingiliwa na watu wenye silaha, wakafunga mto. Miezi saba hakuna boti iliyopita. Serikali ikachukua boti mbili za mizigo, ikafunga mzinga mmoja omo ya kila moja, ikapanga magunia ya mchanga ubavuni, ikawaambia mabaharia kwamba kuanzia leo wao ni jeshi la majini.

Mpango ulikuwa wa pande mbili. Askari wa miguu wangezunguka nchi kavu, walale kwenye nyasi upande wa mashariki wa ngome, wangoje. Boti zingetokea mtoni jua linapochomoza na kuvunja lango la maji kwa mizinga. Wenye ngome wakigeukia mtoni, askari wa nyasini wainuke na kukimbilia ukuta. Kila upande uliutegemea mwingine. Bila boti, wale wa nyasini walikuwa shabaha tu.

Miongoni mwa wale wa nyasini alikuwemo mdogo wake Kichwa-Tele, fundi redio aliyechukuliwa jeshini kwa miezi mitatu, ameoa hata miaka miwili haijatimia. Waliagana gatini, mdogo mtu amevaa kofia ya chuma inayomwingia mpaka masikioni.

"Unaona uonevu huu?" alisema akicheka. "Wewe unakwenda vitani kwa boti kama bwana harusi, mimi kwa magoti."

"Nani alikwambia uache kusomea maji ukasomea waya?"

"Haya, tambo baadaye. Usinichelewee tu, kaka."

Asubuhi ile, kabla ya kona ya mwisho, ofisa aliyepewa kuziongoza boti aliwakusanya. Alikuwa mtu msafi, mwenye ramani kwenye mfuko wa plastiki. "Kuanzia hapa hakuna kufungua mdomo. Sauti inatembea juu ya maji. Wewe wa omo, utapima na kutoa ishara kwa mkono. Kulia, kushoto, simama. Rubani atakutazama. Mmenielewa?"

Kichwa-Tele alimgeukia Mjomba. Mjomba alikuwa ameelekeza uso pale sauti ya ofisa ilipotoka, ametulia kama sanamu. Kichwa-Tele alingoja aseme. Aseme tu, Afande, sisi kazi yetu ni ya masikio. Lakini mzee akiyasema hayo mbele ya askari ishirini, kazi yake imekwisha na heshima yake imekwisha. Na Mjomba naye, bila shaka, alikuwa anamngoja mwanafunzi wake aseme. Wakangojana.

"Sawa, Afande," alisema Mjomba.

Wakaingia konani kimya. Kichwa-Tele alitumbukiza mti: bega. Kifua. Akanyoosha mkono wa kulia, maana mkondo ulikuwa unahamia kulia. Akatega sikio. Hakuna ko-ko. Mti ukagusa mchanga kifuani, maji yakashuka kati ya kifua na kiuno. Akaupunga mkono wa kulia kama mtu anayezama. Boti ikaendelea kushoto, taratibu, kwa uhakika kabisa, ikapanda juu ya fungu la mchanga na kutulia kama kuku anayelalia. Boti ya pili, iliyokuwa inafuata nyayo za ya kwanza, ikasimama nyuma yake. Mfereji ulikuwa mmoja.

Ngome ilikuwa nyuma ya kona, haijawaona. Lakini jua likatoka. Na upande wa mashariki, wale wa nyasini wakaonekana kutoka ukutani kama mchele juu ya meza. Bunduki zikaanza kulia huko. Botini watu waliruka majini wakasukuma, injini ikanguruma kwa sauti ya chini, ofisa akang'ata kidole cha glavu. Dakika kumi. Ishirini. Thelathini na tano. Kichwa-Tele alisimama omo na mti mkononi, anazisikia zile bunduki, na kila mlio alikuwa anauhesabia mtu mmoja.

Ndipo akavunja amri. Akatumbukiza mti upande wa kulia, akafungua kifua chake chote.

"Begaaa! Bega kuliaaa!"

"Nyamaza!" ofisa alifoka kwa mnong'ono.

Ko-ko, pete ikajibu kutoka juu.

Injini ikarudi nyuma, usukani ukazungushwa mpaka mwisho, boti ikajikwamua ikilia mbavu zote. "Begaaa! Kichwaaa! Kichwa teleee!" Wakatoka konani kwa kuimba, mbele ya ngome nzima, na boti ya pili nyuma yao, na mizinga ikalivunja lango la maji kwa kombora la nne. Kabla ya adhuhuri ngome ilikuwa imetekwa. Askari kumi na wanne walibaki nyasini. Mdogo wake alikuwa mmoja wao.

Uchunguzi ulifanyika kwenye meza ya kukunja, gatini. Mjomba alikaa pembeni, kofia juu ya magoti.

"Nani alitoa ishara?"

"Mimi."

"Ishara ilikuwa sahihi?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya pili. Kichwa-Tele aliiangalia ile pete. Ilikuwa imelala juu ya kofia, haigongi kitu.

"Nilikosea mkono, Afande."

Ikaandikwa hivyo. Mjomba akaendesha miaka mitatu mingine, akafa kitandani kwake, na siku ya mazishi yake boti zote gatini zilipiga honi. Kichwa-Tele alipunguzwa cheo akarudishwa baadaye, kwa sababu hawakumpata mwingine mwenye koo lile.

Kilichomuuma ni cha nyumbani. Mjane wa mdogo wake hakuwa na pa kwenda, akahamia kwao, akapewa chumba cha pili kinachotazamana na chake uani. Tangu siku hiyo hakumsemesha. Si kwamba alimtukana, la. Alimpikia, alimfulia alipougua, alimlea yule nesi kama wa kumzaa mwenyewe. Lakini neno halikutoka kinywani mwake kwenda sikioni mwa shemeji yake. Kila kitu kilipita kwa mtu wa tatu. Kwanza mtu huyo alikuwa mke wa Kichwa-Tele. Alipofariki, kazi ikamwangukia nesi.

"Mwambie huyo baba yako maji yake ya kuoga yanapoa."

"Mama mdogo, amekaa hapa. Anakusikia."

"Basi mwambie amekwisha sikia."

Mtaani walicheka. Nyumbani walizoea. Miaka arobaini na moja mtu huzoea hata jiwe kwenye kiatu. Kichwa-Tele alijiambia kwamba anastahili: yeye ndiye aliyekosea mkono. Hata kama hakukosea.

Sasa mwaka huu akaja dada mmoja wa makumbusho, kijana, mpole, ana begi lenye mifuko mingi kuliko vitu. Ngome inatengenezwa, alisema. Kutakuwa na picha, kutakuwa na mahali pa kunywa kahawa, na langoni kutakuwa na kibao cha jiwe chenye habari za shambulio. Katika mabaharia wa siku ile amebaki babu peke yake. Alitaka tu ahakikishe maneno. Akasoma kwenye simu yake:

"Boti zilichelewa dakika thelathini na tano kwa sababu mpima kina wa boti ya kwanza alikosea ishara."

Shemeji yake, yule mjane, alikuwa anakunja shuka; mikono ikasimama.

"Ni sawa hivyo, babu? Tunachonga Jumatatu. Jiwe, unajua, likishachongwa halifutiki."

Karatasi ya meza ya kukunja ni kitu kimoja. Imelala kwenye kabati gani haijulikani, labda imeliwa na panya. Jiwe langoni ni kitu kingine. Wajukuu wake wangelisoma, na wa kwao.

"Mwulize huyo baba yako," shemeji akamwambia nesi aliyekuwa mlangoni, bila kugeuka, "kama na hilo la jiwe atalinyamazia."

Kichwa-Tele alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Kesho," alimwambia yule dada. "Nipeleke nikapaone kwanza. Na mti wangu uje."

Kesho yake walikwenda. Mti ulifungwa juu ya gari, ukatokeza mbele na nyuma, dereva akanung'unika kwamba polisi watamsimamisha. "Waambie ni ndugu yako mgonjwa," alisema Kichwa-Tele. Shemeji alikuja pia bila kualikwa, akakaa kiti cha mbele, mkoba magotini.

Mto ulikuwa umekufa. Ndilo neno la haki. Huko juu wamejenga bwawa, na kona iliyokuwa inameza mti mzima sasa ina vijito vitatu vinavyosukumana kati ya mchanga. Fungu lililowakwamisha lilikuwa limeota majani, na mbuzi wawili walikuwa wanayala. Ukuta wa ngome ulipakwa chokaa nyeupe pe, kama meno ya bandia. Upande wa mashariki, zilipokuwa nyasi, paliegeshwa magari.

Yule dada alikwenda kuzungumza na mafundi. Wakabaki wao wawili kwenye ngazi za lango la maji, mbele ya kizuizi cha chuma, na hapakuwa na mtu wa tatu.

Kichwa-Tele alipiga moyo konde. "Shemeji. Sikukosea mkono."

"Najua."

Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu ila hilo. "Nani alikwambia?"

"Nimeutazama mkono huo miaka yote ukitia uzi kwenye sindano kwa taa ya kibatari. Haukosei."

"Sasa kwa nini..."

Shemeji aliangalia kule kwenye magari. "Mwenzake mume wangu aliyelala naye nyasini aliniletea mkanda wake. Akaniambia yote, nikitaka nisitake. Walikuwa wamelala, risasi zinapita juu ya migongo yao. Wameambiwa asinyanyuke mtu mpaka mzinga ulie. Mara wakasikia mtu anaita mtoni. Mume wangu akacheka. Alicheka, unasikia? Akasema, 'Huyo kaka yangu! Wamefika!' Akainuka kwa magoti awaonyeshe wenzake sauti inakotoka."

Akaipangusa pete yake ya ndoa kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo kila ukisema uani, 'Nipe maji,' 'Chumvi iko wapi,' mimi namwona anainuka. Ningekujibu vipi?"

Kichwa-Tele alikaa kwenye ngazi. Miaka yote alidhani ni ule ukimya uliomuua mdogo wake. "Ningejua," alisema, "nisingeita."

"Usingeita wangekwisha wote. Yule mwenzake aliniambia na hilo. Mimi ndiye sikutaka kulisikia." Akakaa naye, ngazi moja juu. "Haya. Kama si mkono, ilikuwa nini?"

Akamwambia. Alimwambia yeye peke yake, kwa sauti ndogo, kama vile Mjomba bado anaweza kusikia: ukungu wa macho, kikombe cha mpishi, pete inayogonga ko-ko, na jinsi walivyongojana mbele ya ofisa mpaka nafasi ikapita.

Shemeji alitikisa kichwa taratibu. "Yule mzee. Siku aliyokuja kunipa pole aliupa mkono mwimo wa mlango akidhani ni mimi. Nilidhani ni machozi yamemziba."

Na hapo, Mungu awasamehe, wakacheka wote wawili, wazee wa kukohoa kwa kicheko, mpaka mafundi wakageuka.

Yule dada akarudi na simu yake. "Babu, tuandikeje? Maana picha ya rubani tunaiweka juu ya kibao, yeye ndiye shujaa wa boti."

Shemeji alimtazama Kichwa-Tele. Neno moja tu lilitosha kumsafisha yeye na kumchafua mzee aliyempa kazi. Kichwa-Tele alishika mti, akaupima mkononi.

"Andika hivi. Boti zilikwama zilipoamriwa kunyamaza. Zikafika mpima kina alipovunja amri akaita, na rubani akamsikia."

"Na kosa la ishara?"

"Futa. Kosa lilikuwa la kunyamaza, na tulikuwa wengi."

"Aongeze," alisema shemeji, na safari hii hakumtafuta mtu wa kumpitishia, "kwamba na wale wa nyasini waliisikia."

Dada aliandika, akasoma tena, akaenda zake kwa mafundi. Kichwa-Tele aliinuka ili waondoke.

"Unakwenda wapi?" alisema shemeji. "Umeubeba mti mpaka hapa kwa ajili ya mbuzi?"

"Hakuna maji, shemeji."

"Yaliyopo yanatosha. Ita."

Alishuka ngazi mbili za mwisho, akavua viatu, akasimama pembeni mwa kile kijito na kutumbukiza mti. Uligusa mchanga kabla hata hajaanza kusukuma. Mkanda wa kwanza.

"Goti," alisema.

"Si hivyo. Mimi nilikuwa nafua pale ng'ambo na nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unavuta."

Akafungua kifua, kilichobaki cha kifua.

"Gotiii!"

Sauti ilipasuka katikati, ikagonga ukuta mweupe, ikarudi. Mbuzi waliacha kula. Nyuma yake, pete ikagonga kizuizi cha chuma mara mbili.

Akasogea hatua moja kulia, akapima tena.